Mabinti Hamsini kwenye Ukuta wa Jedda

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kuthibitisha kwamba ng'ombe mmoja wa Ugiriki alikuwa bibi wa mama yake mfalme wa Tiro. Nilipewa miezi mitatu. Mkataba ulisema hivyo kwa lugha mbili: miezi mitatu ya majaribio, na baada ya hapo kampuni ama itanitolea ikama, yaani kibali cha kukaa nchini, ama itanikatia tiketi ya kurudi kwetu Tanga. Baba alikuwa ameshawaeleza watu msikitini kwamba mwanawe ni mtafiti huko Saudia. Neno hilo la mtafiti alilitamka kama wengine wanavyotamka rubani.

Ilikuwa ile miaka ambayo Saudia ilibadilika kwa haraka kuliko mabango yake. Sinema zilikuwa zimefunguliwa, wanawake walikuwa wameanza kuendesha magari, na kila jiji lilitaka msimu wake wa burudani. Kampuni iliyoniajiri, yenye ofisi Riyadh, ilitengeneza maonyesho ya misimu hiyo. Mteja mmoja, ambaye sikumwona hata siku moja, alitaka maonyesho ya bahari na wafalme wa kale huko Jedda, karibu na ufukwe. Ukuta mzima wa mita kumi na mbili ulitengewa ukoo mmoja tu wa hadithi za Wagiriki: nani kamzaa nani, na nani kahamia wapi. Ukoo huo ulichaguliwa kwa sababu ulianzia Ugiriki, ukapita Misri, ukafika Sham kwenye mji wa Tiro, na kwa sababu mmoja wao, kwa mujibu wa masimulizi, alipewa Arabuni akae huko. Mteja aliipenda sana hiyo Arabuni.

Kwenye usaili niliulizwa kama nawafahamu Wagiriki. Nikajibu ndiyo. Niliyemfahamu alikuwa mmoja, mwenye shamba la mkonge zamani huko kwetu, na hata huyo nilimfahamu kwa kusimuliwa na babu. Nilikuwa na shahada ya historia, na Kiarabu nilikipata madrasa kisha nikakiongezea miaka miwili chuoni. Usiku wa kuamkia usaili nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali arobaini. Waliniuliza hilo moja.

Meneja wangu alikuwa mwanamke wa Kisaudia wa miaka thelathini na kidogo, tuliyemwita madam. Alivaa abaya na raba nyeupe, akaendesha gari lake mwenyewe, na alikuwa na tabia ya kujibu barua pepe ndefu kwa neno moja. Nikimwandikia aya tano kuhusu tofauti za masimulizi, hujibu: "Tamam," yaani sawa. Nilikuwa nakaa na tamam moja mchana kutwa nikijiuliza ilikuwa ya kuridhika au ya kuchoka.

Ukoo wenyewe, kwa ufupi, ulikuwa hivi. Binti wa mfalme mmoja wa Ugiriki, jina lake Io, aligeuzwa ng'ombe, akatangatanga hadi Misri, akarudi kuwa mtu, akazaa mwana. Mwana yule akamzaa binti aitwaye Libya. Libya akazaa na mungu wa bahari pacha wa kiume. Pacha mmoja, Ajenori, akahamia Tiro akawa mfalme. Binti yake Europa alichukuliwa na fahali akavushwa bahari hadi Krete, na kaka zake wakatumwa kumtafuta na kuambiwa wasirudi bila yeye. Hawakumpata, wakalowea kila mmoja alipochokea. Pacha wa pili alibaki Misri. Naye akazaa pacha: Egipto, aliyepewa Arabuni na kuzaa wana hamsini, na Danao, aliyepewa Libya na kuzaa mabinti hamsini. Danao akamwogopa ndugu yake, akapakia mabinti wote chomboni na kukimbilia Ugiriki, kule kule alikotoka yule ng'ombe.

Huo ndio ufupi wake. Urefu ulikuwa kurasa mia moja na kumi, maana Wagiriki hawakukubaliana kwa jambo lolote. Baba wa Io tu nilimpata mara tatu, watu watatu tofauti.

Nilikaa chumba kimoja na dereva wa kampuni, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa na mwaka wa sita Riyadh. Alinisikiliza nikisoma kwa sauti, akiwa anapiga pasi shati lake.

"Sasa, msomi," akasema, "umetoka Tanga, umepanda ndege, ndio uulize ng'ombe alizaa nani?"

"Hakuzaa akiwa ng'ombe. Alikuwa amesharudi kuwa mtu."

"Aah, sawa basi. Hiyo inabadilisha kila kitu."

Ningeweza kuvumilia tofauti za Wagiriki. Shida ilikuwa sharti la kampuni. Mwaka uliotangulia, katika maonyesho mengine, babu wa kabila moja alikuwa amewekwa chini ya babu wa kabila jingine, na watu walikuja ofisini wakiwa wamevaa vizuri sana. Tangu siku hiyo ikaamriwa kwamba chochote chenye nasaba lazima kipitiwe na kusainiwa na mtaalamu wa nasaba. Bila saini, ukuta haufunguliwi. Bila ukuta, madam alinieleza kwa upole, hakuna sababu ya mtafiti wa ukuta.

Mtaalamu aliyepatikana alikuwa mzee mstaafu wa ofisi ya ardhi, aliyetumia miaka arobaini kufuatilia nasaba za makabila ya Najd, jimbo la katikati ya Saudia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba watu wa ukuta huu hawakupata kuwepo duniani. Nilitafakari siku mbili kama ni wajibu wangu kumwambia, nikaamua madam ndiye atakayemwambia. Madam aliamua ni mimi.

Alinipokea barazani kwake, Riyadh, kwenye chumba chenye mazulia mekundu, birika la kahawa na mafaili ya plastiki yaliyopangwa kwa rangi. Ukutani palikuwa na shajara ya ukoo wake ndani ya fremu: mti wa kuchorwa, shina, matawi, na mamia ya majani ya kijani, kila jani jina la mtu. Niliyasoma majani hayo wakati akitafuta miwani. Yote yalikuwa ya wanaume. Nikawaza kwamba huu ndio mtindo wa huku, shajara za barazani hazitaji wanawake, kisha nikawaza kuhusu Libya, Europa na wale hamsini, na kahawa ikaniingia njia isiyo yake.

"Anza na aliye juu kabisa," akasema mzee. "Jina, baba, babu, na visima."

"Visima, ya ammi?"

Nilimwita ya ammi, baba mdogo wangu, kama wanavyoitwa wazee huku, na kila mara nilijiuliza kama natia chumvi.

"Watu husema uongo kuhusu babu zao," akasema. "Kuhusu kisima ni vigumu. Ukisema ulihama, niambie ulikunywa wapi. Kabila lililohama bila kunywa halikuhama."

Nikasema juu kabisa ni Io, na baba yake ni mmoja kati ya watu watatu.

"Mwenye baba watatu hana baba," akasema, akapiga mstari. "Isitoshe ni mwanamke. Endelea."

"Mwanawe akamzaa Libya."

"Mwanamume?"

"Hapana."

Mstari. "Endelea."

"Libya akazaa pacha. Baba yao ni..." Hapa nilisita, kwa sababu nilikuwa nimelifanyia mazoezi jambo hili bafuni na halikuwahi kutoka vizuri. "Wagiriki wanasema baba yao ni mungu wa bahari."

Mzee aliweka kalamu chini. Akasema astaghfirullah, bila hasira, kama mtu anayefuta vumbi mezani. "Andika: baba hakutajwa."

Tukaendelea hivyo hadi Ajenori wa Tiro, ambaye alimpenda. Alisema watu wa pwani ya Sham anawafahamu, ni wafanyabiashara, na hakuna ajabu wakiwa na ndugu Misri. Kuhusu kaka waliomtafuta Europa alinirudisha nyuma mara mbili.

"Dada yao alivuka bahari juu ya ng'ombe dume?"

"Ndiyo, ya ammi."

"Na kaka zake wote hawakumpata?"

"Hawakumpata."

"Basi hawakuuliza watu," akasema, akaandika jambo pembeni ya karatasi.

Kaka mkubwa, Kadmo, ndiye aliyepita mtihani wa kwanza. Nilimweleza kwamba alipofika mahali pa kujenga mji alituma watu chemchemini, wakamkuta nyoka mkubwa analinda maji, na Kadmo akamuua. Mzee akainua kichwa. "Nyoka kisimani," akasema, "hiyo ni kweli. Nyoka hukaa visimani." Akaweka alama ya kukubali, ya kwanza siku hiyo. Nilitoka kwake nikiwa na mfalme mmoja, kaka watatu na nyoka.

Wiki iliyofuata tulifika kwa Egipto na Danao. Nilianza na jambo nililojua litampendeza: kwamba Egipto alikaa Arabuni. Akauliza sehemu gani. Nikasema Wagiriki hawakutaja. Akauliza kisima. Nikasema hawakutaja. Akanitazama kama mimi ndiye niliyekunywa maji yote. Kisha nikaeleza kwamba wana hamsini wa Egipto waliwafuata mabinti hamsini wa Danao hadi Ugiriki wakitaka kuwaoa.

"Wana wa ami yao," akasema mzee. "Haki yao. Ndoa nzuri, na ukoo haumwagiki. Kisha?"

"Kisha wakaoana. Siku moja, wote."

"Mashallah. Kisha?"

"Kisha mabinti wakawaua waume zao, ya ammi. Usiku huo huo. Isipokuwa mmoja."

Aliuliza idadi. Nikasema arobaini na tisa. Akauliza nani alilipa diya, fidia ya damu. Nikasema sikuona mahali palipoandikwa kwamba ililipwa. Mzee alifunga faili, akalifunga na uzi wake, akaniambia nirudi baada ya siku tatu. Mlangoni alinishika bega. "Na huyo mmoja?" "Alimwacha mumewe hai. Ukoo uliendelea kwake." "Alhamdulillahi," akasema, akafunga mlango.

Nilipopeleka ofisini rasimu aliyoipitia, madam aliitandaza mezani. Wanawake wote walikuwa wamekatwa. Kwa kuwa Io hayupo, Misri haikuunganika na Ugiriki. Kwa kuwa Libya hayupo na mungu wa bahari hatajwi, wale pacha walikuwa wananing'inia hewani.

"Na hawa kaka?" akauliza madam. "Wametoka Tiro wanakwenda wapi?"

"Wanamtafuta mtu ambaye hayupo kwenye mti."

"Mteja ameagiza mti mmoja," akasema. "Mti uliokatika vipande vinne ni kuni. Zimebaki siku kumi na nane, na kiwanda cha kuchapa kinataka faili wiki hii. Tatua."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilikuwa na orodha mbili akilini: ya yale ambayo mzee atakataa, na ya yale ambayo mteja atakataa, na jina langu lilikuwa la mwisho katika zote mbili. Suluhisho nililipata kwenye kadi ya harusi iliyobandikwa jikoni mwa ofisi. Kadi za huku, nyingi, humtaja bwana harusi kwa jina kamili, na bibi harusi huandikwa tu binti wa fulani. Hakuna aliyekosewa adabu na kila mtu anajua nani anaolewa. Niliona ni jambo la hekima, na pia niliona ni siku ya Alhamisi na kiwanda kinafunga saa kumi. Nikabadilisha faili lote. Io akawa binti wa mfalme. Europa akawa binti wa Ajenori. Libya akawa binti wa mwana wa binti wa mfalme. Mti ukaunganika. Nikalituma faili bila kumwonyesha mzee, nikijiambia kwamba akiliona limekamilika ukutani ataridhika zaidi kuliko akiliona kwenye karatasi. Hata wakati najiambia sikuwa najiamini.

Tulisafirisha mbao za ukuta kwa lori dogo la kampuni, mimi na Mkenya, kutoka Riyadh hadi Jedda, karibu siku nzima ya jangwa na vituo vya mafuta. Mbao zilikuwa kumi na mbili, mita moja kila moja, zimefungwa blanketi. Nilimsimulia njiani yote yaliyobaki ya ukoo, kwa sababu redio ilikuwa imekufa tangu Riyadh.

"Manze," akasema tulipofika kwenye ndoa za hamsini, "hiyo family haikuwa na mtu wa kuongea nao? Hata pastor?"

"Walikuwa na baba yao. Ndiye aliyewapa visu."

"Imagine." Akaendesha kilomita kadhaa. "Na wewe umeandika hiyo ukutani, watu walete watoto?"

"Nimeandika kwamba ndoa hazikudumu."

Alicheka hadi akapunguza mwendo. Mimi sikucheka, maana ndivyo nilivyokuwa nimeandika.

Jedda tulipanga chumba Kandara, mtaa wa zamani wenye maduka madogo na watu wa kila pembe, ambapo muuza chai wa kona alinisalimu kwa Kiswahili cha Unguja kabla sijafungua mdomo. Asubuhi mafundi walisimamisha mbao. Kufikia adhuhuri ukuta ulikuwa umesimama, mita kumi na mbili, mti mmoja usiokatika, ramani ya bahari nyuma yake kwa rangi hafifu na mishale ya safari. Ulikuwa mzuri. Nilisimama mbele yake nikatafuta makosa ya herufi kwa muda wa saa nzima, sikuyaona, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Madam alifika saa tisa na gari la kukodi, akiendesha mwenyewe, akiwa amempokea mzee uwanja wa ndege. Mzee alikaa kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, mikono kwenye magoti, macho mbele, kama abiria wa ndege inayotua. Aliposhuka alimwambia madam kwamba anaendesha vizuri kuliko mwanawe mkubwa. Kisha akavaa miwani na kuanza kuusoma ukuta kutoka kulia, jani moja moja.

Kwa Io alipita. Kwa Libya aliguna. Alipofika kwa Danao alisimama. Pale mti ulikuwa umechanua majani hamsini madogo, yamepangwa vizuri kama kichane cha ndizi, na kila jani liliandikwa: binti wa Danao. Binti wa Danao. Binti wa Danao. Mara hamsini.

"Hii ni nini?"

"Ni kwa heshima, ya ammi. Kama kwenye kadi za harusi."

"Kadi ya harusi ina bibi harusi mmoja!" Hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia sauti yake ikipanda. Mafundi wawili waliacha kazi kumtazama. "Danao alipofika Ugiriki alikunywa wapi?"

Hilo nilikuwa nalo. Nilikuwa nimewatafutia wote visima baada ya siku ile ya kwanza, kwa hofu tu. Nikasema nchi aliyofikia ilikuwa kavu, mungu wa... chemchemi zake zilikuwa zimekauka, na Danao akawatuma mabinti zake kutafuta maji, na mmoja wao akayapata.

"Nani?"

"Binti wa Danao."

"Yupi?"

Nikaangalia majani. Wote walikuwa sawasawa.

"Ya walad," akasema mzee, na kutoka ustadhi, alivyoniita hadi siku hiyo, kushuka hadi ya walad, we mtoto, nilijua maana yake, "mtu aliyepata maji huandikwa. Awe mwanamume, awe mwanamke, awe mtumwa. Sisi tuna kisima kilichopatikana na mwanamke aliyekuwa anamfuata mbuzi, na jina lake limo kwenye karatasi zetu, lake na la baba yake. La mbuzi halimo kwa sababu hakuna aliyelikumbuka. Na yule aliyemwacha mumewe hai? Ukoo wote umepita kwake. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha jani ambalo nadhani lilikuwa lake.

"Unadhani?"

Madam alikuwa amesimama nyuma yetu na simu mkononi. "Ya ammi," akasema taratibu, "wewe mwenyewe uliwakata wanawake. Ninayo rasimu yenye mistari yako."

"Niliwakata," akasema mzee. "Mtu ukimkata, anajulikana kwamba amekatwa. Hapa ameandikwa na hajulikani. Hii ni mbaya zaidi." Akarudi nyuma hadi kwa Libya, akaigusa ramani iliyokuwa nyuma ya jani lake. "Na huyu. Nchi nzima inaitwa kwa jina lake. Na huyu binti wa Tiro, bara zima la Uropa. Nitawafichaje? Watoto wa shule wanawajua."

Hapo nikaona nimefikia mwisho, na kwamba ni bora niseme kila kitu nikiwa bado naweza kutamka. Nikamwambia kwamba nimetuma faili bila idhini yake, na kwamba watu hawa, kwa kweli, ni wa hadithi, hawakupata kuishi, na nilipaswa kumweleza tangu mwanzo.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Mwanamke aliyekuwa ng'ombe? Aliyeishi ana wajukuu, ukimwandika vibaya watakuja kugonga mlango. Hawa hawana wa kugonga. Kwa hiyo kuwa mwangalifu zaidi. Majina ya hao hamsini unayo, au hawakutaja?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo katika orodha mbili zisizofanana, kwenye bahasha, ndani ya begi, pamoja na nakala za orodha hizo. Madam akasema kuchapa upya kunahitaji siku tano na zimebaki mbili. Mzee akaomba kiti, na kalamu yenye wino mzito usiofutika.

Tulianza baada ya swala ya alasiri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha mafundi, mimi nikachuchumaa pembeni na orodha. Nikasoma jina, yeye akauliza mume wake alikuwa nani, nikajibu, akaandika jina la binti juu ya ule mstari wangu wa kadi ya harusi, kwa mwandiko wa watu wa ofisi za zamani, uliosimama wima na wenye nukta kubwa. Orodha zilipotofautiana alinihoji, tukachagua. Alipokosea, nilifuta kwa kitambaa na dawa ya rangi, haraka kabla wino haujakauka. Mkenya alileta chai akasimama kutazama.

"Huyu naye alimuua mzee wake?"

"Ndiyo."

"Na huyu?"

"Ndiyo."

"Wana majina fiti, lakini."

Jani la aliyepata maji mzee aliliandika kwa herufi kubwa kidogo kuliko mengine. La aliyemwacha mumewe hai alilizungushia mstari. Kisha akanyanyuka, akamwandika Io, akamwandika Libya, akamwandika Europa, na kwa Io akaongeza kwa maandishi madogo: baba zake ni watatu kwa kauli tofauti. Nilipumua. Nikamsogezea karatasi ya saini.

"Bado," akasema. "Mpokezi."

Kumbe kuna utaratibu. Nasaba haisainiwi mpaka aandikwe aliyeileta, jina lake na baba zake, watu watano. Vinginevyo ni maneno ya barabarani. Nikataja langu, la baba, la babu. Hapo nikakwama. Nilikuwa na uwezo wa kumfikisha mfalme wa Tiro hadi kwa ng'ombe wake bila kuangalia karatasi, na baba wa babu yangu sikuwa namjua.

Nikampigia mama simu, sauti wazi, kwa sababu mzee alitaka kusikia mwenyewe ingawa hajui Kiswahili.

"Baba wa babu yako wa nini?" akasema mama. "Wamekukamata?"

"Hapana, mama. Ni kwa ajili ya saini."

"Saini ya nini? Usitie saini kitu cha ardhi."

"Sio ardhi. Ni ukuta."

"Baba yake babu yako hatumjui. Usiwaambie hivyo. Bibi wa baba yako alitoka Pemba na mtoto mgongoni, akafika Tanga, akapanga chumba, akaanza kuuza vitumbua. Watu walimuuliza mume yuko wapi, akawaambia vitumbua ni vya moto. Ndiyo habari yote."

Nikamtafsiria mzee, pamoja na vitumbua, kwa sababu sikujua nikate wapi. Madam aliangalia saa. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, kwamba watu watano sina, ninao watatu, na wa nne ni mwanamke, na baada yake hakuna.

Mzee alinitazama, akageuka akayatazama majani hamsini aliyoyaandika, wino ukiwa bado unang'aa. "Jina lake?" akasema. Mama akalitaja kutoka Tanga, akalirudia kwa herufi moja moja, akauliza kama wameliandika sawa maana marehemu alikuwa mkali kwa jambo hilo. Mzee aliliandika la nne chini ya ukuta, akaweka nukta, akapiga mstari mfupi mahali pa la tano. Kisha akasaini karatasi ya kampuni, mara mbili, na tarehe ya Hijria.

Madam alipiga picha akaituma. Jibu la mteja lilikuja wakati tunakunja vitambaa. Lilikuwa tamam. Safari hii madam mwenyewe aliliangalia kwa muda, kisha akaniambia niende Jumapili uhamiaji kutoa alama za vidole za ikama.

Jumapili nilifika saa moja kabla ya ofisi kufunguliwa. Karani, kijana wa rika langu, aliniwekea mkono juu ya kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Vidole vyangu vitatu vya kulia vilikuwa vyeusi hadi kwenye kiungo cha kwanza kwa wino wa kufutafuta, na nilikuwa nimevisugua siku mbili kwa sabuni, ndimu na mafuta ya taa. Nikaanza kumweleza karani habari ya Danao na nchi kavu. Nilifika kwenye mabinti aliponyanyua kiganja kunizuia, akachukua karatasi laini, akailowesha kwa kitu kutoka kwenye kichupa, akanifuta kidole kimoja kimoja, akaukandamiza tena mkono wangu kwenye kioo, na safari hii mashine ikakubali.

"Halas," akasema. "Anayefuata."